Viredio Vyeupe

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, nami nimeanza kuandika. Mwalimu wetu wa kwaya ametutaka kila mmoja awe na daftari la mazoezi: umejifunza nini, umekosea wapi. Wenzangu wamecheka, wakatoka zao. Mimi ninalo daftari la zamani la chumba cha kufulia, nusu yake tupu, basi ngoja nitii. Ila najijua. Sitaandika habari za noti peke yake.

Napiga pasi katika hospitali hii mwaka wa ishirini na mbili sasa: mashuka ya wodini, magauni ya chumba cha upasuaji, makoti ya madaktari. Kila mtu ananiita Mama Pasi, hata mganga mkuu. Desemba nastaafu. Kwenye kwaya ya wafanyakazi nimo miaka kumi na tisa, sauti ya pili, na tangu mume wangu afariki sina jambo jingine la kunitoa nyumbani Jumamosi. Mei kuna mashindano ya kwaya za hospitali. Kwangu ni ya mwisho. Nataka siku hiyo niwe jukwaani, nimesimama na wenzangu. Sitaki kingine.

Jumatano, 6 Machi

Mashuka hayakauki.

Jumamosi, 9 Machi

Mazoezi ya kwanza ya msimu, mle mle kwenye chumba cha chakula cha wafanyakazi, viti vimepandishwa juu ya meza.

Kwenye kwaya yetu hakuna anayesoma noti ila Mwalimu mwenyewe, ambaye mchana ni karani wa masjala. Sisi wengine tunajifunza kwa sikio. Anarekodi kila sauti peke yake, ya kwanza mpaka ya nne, kila mtu anaondoka na yake na kuisikiliza akiwa kazini. Mpishi anaisikiliza akikoroga, mfagizi akifagia. Mimi ukinikalisha kitini wimbo hauingii hata unipige. Sharti niwe na pasi mkononi: shuka moja, mstari mmoja.

Mwaka jana alituamuru tununue viredio vyeusi. Si redio kwa kweli. Ni kitu kidogo cha kubebea nyimbo, hakina stesheni wala antena, kina waya wa masikioni basi. Jina tumekipa sisi na limekaa. "Hivi ndivyo," alisema, "msihangaike na vingine." Tukanunua wote kama watoto wa shule.

Leo kaja na kiredio cheupe. Wimbo wa mashindano ameutunga yeye, ameuweka kwenye duka jipya la muziki la mtandaoni, na duka hilo, anasema, linaelewana na vyeupe. Vyeupe havipatikani madukani, vinaagizwa kwa jina la kikundi. Ishirini vimefika, vingine viko njiani.

"Na sisi wa vyeusi?" nikauliza.

"Vileteni Jumatatu niwapakie wimbo, Mama Pasi. Tutaona."

"Tutaona" ya masjala naijua. Karatasi za mirathi ya mume wangu zilikaa kwenye "tutaona" miezi minane.

Shoga yangu Sindano kapata cheupe. Tunamwita Sindano kwa kuwa anashona chumba cha pili kutoka kwetu, na kwa ajili ya ulimi wake. Huyu ndiye aliyelala kwangu wiki mbili nilipofiwa, akanipikia uji na kunilazimisha kuunywa. Yeye simwonei kijicho. Lakini binti wa maabara, ana miezi mitatu tu kwenye kwaya, naye tayari cheupe kinaning'inia shingoni! Anatembea nacho kama daktari mwenye kipima mapigo. Nimemtazama mpaka akanisalimia mara ya pili.

Jumatatu, 11 Machi

Nimepanga foleni masjala saa ya chakula. Mwalimu kachomeka kiredio changu kwenye kompyuta, mstari wa kijani ukatembea hadi mwisho, akanirudishia. "Haya, umeshapata."

Jina la wimbo linaonekana kabisa. Nimerudi mbio, nimewasha pasi, nimetandaza shuka, nimebonyeza. Kimya. Halafu yakatokea maandishi: FAILI HILI HALIFUNGUKI KWENYE KIFAA HIKI. Nimebonyeza mara kumi. Nimekitikisa. Nimekitukana matusi ambayo mtu mzima hapaswi kuyajua. Shuka likaungua, msimamizi akasikia harufu.

Jumanne, 12 Machi

Halifunguki.

Ijumaa, 15 Machi

Halifunguki. Mvua siku nzima.

Jumamosi, 16 Machi

Tuko tisa wenye vyeusi. Mwalimu kasema, kwa sauti ile ya upole ya kumbembeleza mgonjwa, kwamba wasio na wimbo wasije wakawavuruga wenye wimbo, kwa hiyo sisi tukae verandani tufanye mazoezi ya pumzi. Watu wazima tisa, verandani, tunavuta pumzi na kuitoa. Mvua ilikuwa inapiga bati, tusisikie hata mstari mmoja kutoka ndani.

Mzee Besi, yule anayesukuma vitanda vya wagonjwa, kavuta pumzi mara tatu, kachukua kofia yake na kuondoka. "Mimi hapa nimemaliza," kasema. Nimecheka. Nimewaambia wenzangu, wazee bwana, mashine ikimshinda anasusa.

Jumanne, 19 Machi

Sindano kaniokoa. Saa ya chakula tumekaa kwenye magunia ya nguo chafu, sikio moja yeye, sikio moja mimi. Wimbo mzuri, lazima niseme ukweli. Mwalimu ana mapungufu yake ila kutunga anajua. Beti mbili za kwanza nimeanza kuzishika. Sindano kila mara anautoa waya kabla ya ubeti wa tatu, eti betri.

"Shoga, wewe ni ndugu yangu," nimemwambia.

"Acha maneno, tega sikio," kanijibu.

Jumamosi, 23 Machi

Tangazo: duka limekataza watu kuazimana viredio. Kila kimoja kimeandikishwa kwa jina la mtu, akikutwa mwingine anakitumia kwaya nzima inafungiwa wimbo, na mwenye kiredio aliyekiazimisha anatoka kwenye kikosi. Hivyo ndivyo Mwalimu alivyosema. Alipofika kwenye "kuazimana" kanitazama mimi. Nikajiuliza kajuaje.

Verandani tumebaki sita.

Jumanne, 26 Machi

Sindano kasahau kiredio nyumbani.

Alhamisi, 28 Machi

Sindano kasahau tena. Anaogopa lile tangazo, simlaumu. Wakati naondoka nimeona waya mweupe ukichungulia mfukoni mwake. Nimejifanya hamnazo.

Jumanne, 2 Aprili

Nimekwenda kwa fundi wa simu aliye mkabala na geti la hospitali. Ni kijana mpole, ana kibanda kisichotosha hata mbuzi, lakini kichwa anacho. Kachomeka kiredio changu, katazama kwenye kompyuta kwa muda, kakuna kidevu.

"Mama, kiredio chako kizima. Wimbo ndio una kufuli."

"Sasa kwa nini lile duka jipya lifunge wimbo nisiusikie? Kwani mimi nimelikosea nini?"

"Hilo duka hufunga kwa kuulizwa, mama. Mwenye wimbo anapoupakia, linamwuliza: ufunguke kwa vifaa vyote, au kwa vyeupe tu? Anachagua mwenyewe. Angechagua vyote, hiki chako kingeimba tangu siku ya kwanza."

"Labda hakuliona swali."

"Haliwezi kukupita. Usipolijibu, wimbo haupandi."

Nimesimama pale kibandani mpaka mvua ikapungua, na ilipopungua nikaendelea kusimama. Nimeamua Mwalimu alikosea. Mtu akiwa na haraka anaweza kubonyeza popote. Mimi mwenyewe juzi nimeunguza shuka.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimemwuliza. Nimepiga moyo konde nikamfuata kabla mazoezi hayajaanza.

"Mwalimu, fundi anasema ungeufungua wimbo kwa wote."

Hakushtuka. Kaweka mkono begani kwangu. "Mama Pasi, mambo ya mitandao yana mikataba yake, tusiyaingilie. Kiredio chako cheupe nimeshakiagiza. Jina lako ni la pili kwenye orodha. Kiko njiani."

"Njiani wapi?"

"Mvua hizi, mama. Kila kitu kinachelewa."

Hilo nimelielewa, maana hata dawa za wodi ya watoto zimechelewa. Nimerudi verandani nimetulia. Tumebaki wanne. Tumevuta pumzi.

Jumamosi, 13 Aprili

Wawili. Mimi na mwuguzi mmoja wa zamu, naye kasema wiki ijayo haji. Usaili ni tarehe 27. Mwalimu atasikiliza mtu mmoja mmoja na kuandika kikosi cha safari. Zimebaki wiki mbili, na ubeti wa tatu sijausikia hata mara moja.

Leo nimelia kwa Sindano. Sijalia hivyo tangu msiba. Nimemwambia, "Shoga yangu, wataniacha. Miaka kumi na tisa, wataniacha kwa sababu ya kipande cha plastiki." Kanipapasa mgongoni. Halafu kasema atanirekodia. Atacheza wimbo kwenye kispika kidogo, ataweka simu mbele yake irekodi, halafu anipe kadi ya kumbukumbu ya simu. Sauti iliyopita hewani haina kufuli. Nimemkumbatia mpaka kofia yake ya kushonea ikadondoka.

Jumanne, 16 Aprili

Sindano kaniletea kadi. Fundi kaihamishia kwenye kiredio changu cheusi bila hata kutokwa jasho. KINAIMBA! Sauti inakwaruza, inasikika kama mtu anayeimba ndani ya ndoo, na cherehani inalia mahali fulani nyuma, lakini inaimba. Beti zote tatu. Leo nimepiga pasi mashuka mia na ishirini, sijachoka.

Jumatano, 17 Aprili

Ubeti wa tatu unaanza kukaa. Nimemshonea Sindano kifungo cha koti lake, mimi nimshonee yeye, mshonaji! Tumecheka.

Ijumaa, 19 Aprili

Nataka niandike haya yakiwa kama yalivyo, nisije kesho nikajidanganya.

Wimbo una dakika nne. Siku zote hizi ukifika mwisho nabonyeza urudi mwanzo. Leo asubuhi yameletwa magauni ya chumba cha upasuaji, mabichi, yanachuruzika, na mikono yangu yote miwili ilikuwa imejaa. Wimbo ukaisha, sikubonyeza. Nikasikia kispika kikizimwa. Nikasikia cherehani inasimama. Kumbe simu ya Sindano haikuzimwa. Halafu mlango, na sauti ya Mwalimu.

"Unafanya nini?"

"Namrekodia Mama Pasi," Sindano kasema.

"Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana, Mwalimu. Lakini ananililia. Kila siku ananitazama. Nifanyeje? Na usihofu, nimempa ile ya mwanzo, ile ya kabla hujabadilisha ubeti wa tatu. Aimbe, ajifurahishe. Siku ya usaili utamsikia mwenyewe anakwenda kushoto wakati watu wanakwenda kulia."

Mwalimu akacheka. Si kicheko kikubwa. Kicheko cha mtu aliyeondolewa mzigo.

"Umefanya vizuri. Maana mimi siwezi kumwita mtu wa miaka kumi na tisa nimwambie toka. Wale wa duka wanataka kupiga picha ya kwaya, na wameniambia wazi wanataka nyuso changa. Sasa wote wale wa vyeusi nianze kuwaeleza mmoja mmoja? Mashine iwaambie."

"Na kile alichoagiziwa?"

"Kipi? Sikuwahi kumwagizia."

"Mimi lakini umeniahidi."

"Wewe utabaki. Sare utashona wewe. Nikuondoe halafu tuvae nini?"

Wakacheka wote wawili. Halafu Sindano akasema, "Ngoja niizime hii," na mwisho.

Nimeweka magauni chini. Nimerudisha nyuma, nimesikiliza tena. Nimesikiliza mara sita. Mara ya kwanza nilidhani sikusikia vizuri, mara ya pili nilidhani wanamzungumzia mtu mwingine, Mama Pasi mwingine, wa hospitali nyingine. Mara ya tatu nikakaa sakafuni kwenye maji. Msimamizi kaja kaniuliza kama nimeanguka. Nimesema ndiyo.

Mwalimu hakuniuma sana. Mwanaume yule ni karani, anapanga watu kwenye makabati, huyu huku, huyu kule. Kilichonichoma ni Sindano. Jumamosi ile alikuwa ananipapasa mgongoni! Mkono ule ule aliokuja kubonyezea ile rekodi. Angeniambia usoni, "Shoga, wanakuondoa, na mimi nataka kubaki," ningemtukana, ningemnunia mwezi mzima, na baada ya hapo tungekunywa chai. Lakini huyu kanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kaniacha nimshonee kifungo.

Na Mzee Besi nilimcheka! Jioni nimemkuta kwenye korido anasukuma kitanda kitupu. Nimemwambia, "Mzee wangu, nisamehe, mwezi uliopita nilikucheka." Hakuniuliza nimekuwaje. Kasema, "Mimi nilijua siku ile ile, mama. Mashine haina haya, haiwezi kuangalia pembeni. Mwalimu alikuwa anaangalia pembeni." Kaendelea na kitanda chake.

Jumamosi, 20 Aprili

Verandani peke yangu. Nimevuta pumzi na kuitoa, saa moja na nusu. Sindano katoka kaniletea maji. "Vipi rekodi, unaimudu?" "Naimudu, shoga yangu, Mungu akulipe." Nimeyanywa yale maji huku namtazama.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimefikiri niache. Halafu nimefikiri Desemba, nimekaa nyumbani, Jumamosi, natazama ukuta. Siachi.

Jumanne, 23 Aprili

Binti wa maabara kaleta makoti yao ya kufuliwa. Kanikuta nimeinamia meza, pasi imezimwa, sina habari. "Shikamoo mama. Unaumwa?" Sijui nini kilinishika, nimemwambia. Si yote. Sindano sikumtaja, maana hata kumtaja naona aibu kama mimi ndiye niliyetenda. Nimesema tu kwamba ubeti wa tatu sina, na Jumamosi ni usaili.

Kavua kiredio chake shingoni, kakiweka juu ya shuka. "Si ungeniomba tangu mwanzo, mama? Kaa nacho mpaka Alhamisi. Mimi nimeshaushika."

"Tangazo hukulisikia? Wakijua wanakutoa."

"Nani atawaambia? Tuko wawili hapa."

Na mimi nilikuwa namtazama mtoto huyu kwa jicho baya tangu Machi! Kwa sababu ya kitu kining'iniacho shingoni! Nimemwita mwanangu. Kachukua makoti masafi, kaondoka anaimba.

Alhamisi, 25 Aprili

Ubeti wa tatu umebadilishwa kweli. Pale wa zamani unaposhuka, mpya unapanda, halafu unakaa juu, unasubiri sauti ya nne. Shuka kwa shuka, siku mbili. Umeingia. Kiredio nimekirudisha nimekifunga ndani ya koti lililonyooshwa, kola imesimama. Mazuri hayo nampa nani mwingine?

Jumamosi, 27 Aprili

Usaili. Chumba cha chakula, Mwalimu mezani na karatasi yake, sisi sauti ya pili tumekaa ukutani tukisikilizana.

Jina langu limeitwa la mwisho. Nimesimama. Ubeti wa kwanza, wa pili, Mwalimu anachezea kalamu. Sindano alikuwa ameinamisha kichwa, anangoja nianguke. Nilipofika wa tatu nikapanda. Nikakaa kule juu, nikasubiri sauti ya nne ambayo haikuwepo, nikashuka taratibu hadi mwisho. Kalamu imesimama. Binti wa maabara kapiga makofi peke yake, halafu wengine wakafuata. Sindano kainua uso, na nimemwona akihesabu ndani ya kichwa chake, kadi, rekodi, simu. Nimemchekea kwa meno yote.

Sijawahi kuimba vile maishani. Nilikuwa nimepandwa na hasira na kumbe hasira ina pumzi nyingi.

Jumanne, 30 Aprili

Mwalimu kaniita masjala. Kafunga mlango.

"Mama Pasi, umeimba vizuri mno. Ubeti ule wa tatu umeupata wapi?"

"Kwa sikio, kama siku zote."

"Sikio la nani? Wewe huna cheupe." Kangoja. "Nikueleze hali ilivyo. Sauti ya pili ina watu sita kwenye safari. Watano nimewaandika. Nafasi ya sita ni kati yako na binti wa maabara. Duka wanamtaka yeye kwenye picha, sikufichi. Lakini kama kuna mtu amevunja masharti akaazimisha kiredio chake, mtu huyo jina lake linatoka, hata wao hawatakuwa na la kusema. Na lako linaingia. Usiponiambia, itabidi niandike kwamba uliuiba wimbo, na kwenye kwaya hii hurudi tena."

Cheusi changu kilikuwa mfukoni. Ile rekodi imo ndani, na kicheko chake kimo. Mkono umekwenda hadi mfukoni, nimekishika. Ningekichezesha pale pale, ndani ya masjala yake, makarani wenzake wako upande wa pili wa ubao wakisikiliza. Angeaibika. Lakini mtu uliyemwaibisha hawezi kuandika jina lako kwenye karatasi yake, na kalamu ilikuwa mkononi mwake. Nimefikiri hivyo kwa haraka, haraka mno kwa mambo makubwa namna ile.

Nimemfikiria na yule binti. Nimejiambia ni mdogo, ana miaka thelathini ya kuimba mbele yake, na mimi nina Mei hii tu. Nimejiambia atasamehewa. Nimejiambia hivi: kila mtu katika kwaya hii kajitazama mwenyewe, kwa nini mimi ndiye niwe mjinga?

"Binti wa maabara," nikasema. "Alinipa siku mbili."

Mwalimu kaandika. Hakuangalia pembeni, kanitazama usoni na kutabasamu, kama watu wanaofanana.

Jumatano, 1 Mei

Sikukuu. Sikutoka.

Jumamosi, 4 Mei

Mazoezi ya mwisho. Ndani, si verandani. Sindano kanipima sare, sindano mdomoni, hatukuongea. Kanibana kiunoni makusudi.

Jumamosi, 11 Mei

Tumeshika nafasi ya pili. Ukumbi umesimama. Nilikuwa mstari wa mbele kwa sababu ya kimo, Sindano bega langu la kulia kama zamani, na kwenye ubeti wa tatu tumepanda pamoja, tukakaa kule juu pamoja, hakuna aliyeweza kutujua. Jamaa wa duka wamepiga picha. Nimeambiwa nisogee pembeni kidogo.

Nilichokitaka nimekipata, na ninaandika hapa ili nikumbuke kwamba nimekipata.

Jumatatu, 13 Mei

Mvua imekatika. Mashuka yamekauka kabla ya saa sita.

Binti wa maabara kaleta makoti. Shingoni hana kitu. Mwalimu kakichukua kile cheupe kurudisha dukani. Nilidhani hatanisalimia. Kanisalimia kama siku zote, kanipongeza, kauliza ukumbi ulikuwaje na kama nilipanda vizuri kwenye ubeti wa tatu. Nimemwambia nilipanda.

Kazungushia kidole kwenye kifungo cha koti moja. "Mama, Mwalimu kaniambia kuna mtu alimpelekea habari. Hakumtaja. Nimefikiri sana. Sikumwambia mtu, na wewe huwezi." Kakiachia kifungo. "Au alikuwa Sindano? Siku ile ya usaili nilimwona anakutazama vibaya."

Pasi ilikuwa mkononi. Nimeipitisha kwenye kola, nimegeuza koti, nimepitisha upande wa pili.

"Nilitaka kukuonya mapema, mwanangu," nikamwambia. "Yule mwanamke si mtu wa kumwamini."